Shahada ya Kupika

Kwandu Mayige alikuwa na siku nne za kuamua atakuwa nani. Ujumbe uliofika kwenye simu yake Jumanne mchana haukusema hivyo. Ulisema tu kwamba amechaguliwa na vyuo viwili, na kwamba atumie namba ya siri aliyopewa kuthibitisha kimoja kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi. Chuo cha Mwanza kilimpokea kusomea uuguzi. Cha Morogoro kilimpokea kusomea sayansi na teknolojia ya chakula. Aliusoma ujumbe huo mara tatu, amesimama katikati ya shamba la baba yake, mikono imejaa masalia ya pamba aliyokuwa aking'oa ili yachomwe kabla ya msimu mpya. Kisha akaitia simu mfukoni, akamalizia mstari aliokuwa ameuanza.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na maneno ya kuhesabika, na kazi iliyopita mikononi mwake haikuhitaji kurudiwa. Wenzake walitia chumvi kwa kukadiria na vidole. Yeye alipima kwa kijiko, akakifuta, akakirudisha mahali pake. Shuleni walimu walimpa kutunza ufunguo wa maabara kwa sababu hakupoteza kitu. Alipomaliza kidato cha sita, mchepuo wa kemia, baiolojia na lishe, kijiji chao jirani na Dutwa kilikuwa kimekwisha kumvalisha gauni jeupe. Majirani walimwita "nesi wetu" hata kabla ya matokeo kutoka.

Jioni ile, wakiwa wamekaa kuizunguka sinia ya ugali, alitoa habari yake kwa sentensi mbili. Baba yake, Mayige, alitabasamu aliposikia ya kwanza. Aliposikia ya pili, aliliweka tonge chini.

"Chakula?" akadakia Kija, kaka yake, ambaye kwake hakuna jambo lililokuwa zito mno kuchekwa. "Yaani ukae kwenye basi siku nzima mpaka Morogoro, ukasomee kupika?"

"Si kupika. Ni teknolojia ya chakula."

"Teknolojia ya ugali! Baba, tumchongee mwiko mpya, wa kwenda nao chuoni."

"Wewe uliyeunguza maji ya kuoga, nyamaza," mama yao, Kabula, akasema, na hata Mayige akacheka kidogo. Lakini kicheko chake hakikudumu.

"Mwanangu," akasema, "kupika umefundishwa na mama yako hapa hapa, bila cheti. Uuguzi ni kazi inayojulikana. Mtu akiniuliza binti yangu yuko wapi, nitasema yuko wodini, anaokoa watu. Huyu wa chakula nitasema yuko wapi? Jikoni? Nimlimie pamba miaka yote hii, halafu aishie jikoni?" Kisha akalainisha sauti, kwa maana hakuwa mtu mkali. "Nipe sababu moja tu. Ikinitosha, nitaifuata."

Kwandu alimtazama mama yake. Kabula alikuwa ameinamia sinia, akiukusanya mchuzi pembeni kwa kipande cha ugali.

"Nitafikiri, baba," Kwandu akajibu.

Hakuwa na la kufikiri. Sababu alikuwa nayo, ilikuwa moja, na alikuwa ameibeba miaka miwili bila kuitua. Lakini haikuwa sababu ya kutamkwa mbele ya mama yake.

Miaka minne iliyopita mvua zilichelewa kuondoka. Mahindi yalikuwa yamevunwa, pamba nayo ilikuwa imeanza kuchumwa, na mawingu yakawa yanarudi kila alasiri kama mtu aliyesahau kitu. Nyumba ya Mayige ilikuwa na chumba kimoja tu ambacho bati lake halikuvuja. Katika nchi ya wakulima wa pamba hakuna anayeuliza chumba kama hicho ni cha nani. Pamba ikilowa hushushwa daraja kwenye kituo cha ununuzi au hukataliwa kabisa, na karo, viatu, dawa na mbegu vyote vimo ndani ya pamba. Mayige akaamua mara moja, kama ambavyo jirani yeyote angeamua: pamba ilale ndani. Mahindi yakalala uani, yamefunikwa turubai la zamani lenye matundu.

Mvua zilipokatika na turubai kufunuliwa, harufu ilitoka kabla ya macho kuona. Kabula aliketi siku mbili nzima akichambua. Punje nyeupe alizitenga kwa ajili ya ugali. Zile zilizopata madoa ya kijani na weusi kwenye ncha hakuzitupa. Kwao chakula hakitupwi, hivyo ndivyo alivyolelewa. Alizilowesha, akaziosha kwa maji matatu, akazianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba mpaka zikakauka na kulia zikitikiswa. Zikasagwa. Unga wake ukawa wa uji wa asubuhi, na uji wa asubuhi ulikuwa wa Januarius, kitinda mimba, mwenye miaka minne. Mara nyingi aliyeukoroga kabla ya kwenda shule alikuwa Kwandu.

Mtoto alianza kukataa chakula. Kisha macho yakawa ya manjano na tumbo likajaa kama ngoma. Alifikishwa hospitali siku ya saba, akafa siku ya tisa. Daktari alikuwa ameuliza amekula nini, na Mayige akajibu kwa kweli yote aliyokuwa nayo: "Michembe ya shangazi yake."

Shangazi huyo alikuwa Elizabeth, dada mkubwa wa Mayige, mjane aliyejengewa kibanda ndani ya ua ule ule. Alikuwa hodari wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na watoto wa ukoo mzima walizoea kumpapasa mifukoni. Siku mbili kabla ya kuugua, Januarius alikuwa amekula michembe mlangoni pake. Hilo likatosha. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyemwambia aondoke. Watu waliacha kula kwake, basi. Alipopika, watoto waliitwa. Alipoleta bakuli, lilipokewa kwa mikono miwili na kwa shukrani, kisha likamwagiwa mbwa mgongo wa Elizabeth ukiwa bado unaonekana. Pamba ilipokwisha kuuzwa, Elizabeth alifunga mzigo wake akaenda Nassa, kwa binti yake aliyeolewa na mvuvi. Mayige hakumsindikiza hadi barabarani.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, Kwandu akiwa kidato cha tano, Mwalimu Nancy aliyewafundisha lishe aliandika neno moja ubaoni: sumukuvu. Akaeleza jinsi kuvu inavyoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na jinsi sumu yake inavyoliharibu ini, hasa la mtoto. Akataja dalili. Aliposema "macho ya manjano," Kwandu aliacha kuandika. Alipofika kwenye tumbo, Kwandu alinyoosha mkono, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Mwalimu, yakioshwa vizuri na kuanikwa je?"

"Utaondoa kuvu unayoiona kwa macho. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje haionekani, haina harufu, wala haikimbii jua. Hata kwenye chungu kinachochemka inabaki."

Kwandu aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akayapigia mstari kwa rula. Wikiendi ile wenzake waliambiwa ana malaria.

Alhamisi asubuhi alipanda basi kwenda Bariadi, kwenye duka la Mwanamisi lililo jirani na stendi. Mwanamisi aliuza madaftari na kalamu, alitoa nakala za vyeti, na kwa miaka kadhaa alikuwa amewajazia vijana wa wilaya nzima maombi yao ya vyuo. Alijua matokeo ya kila mtu na hakumficha mtu maoni yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kuthibitisha au umekuja kunitazama uzuri?" Akafungua ukurasa kwenye kompyuta. "Haya. Mwanza, uuguzi. Morogoro, cha... Kwandu! Hii uliweka kweli? Nilidhani ni kujazia nafasi."

"Niliweka kweli."

"Watu wanasomea kupika siku hizi? Basi mama yangu ni profesa, na anadai kofia yake!" Alicheka mpaka mteja aliyekuwa akingoja nakala akageuka. "Nieleze mimi niliyeishia darasa la saba. Wenye shahada hii wanafanya nini?"

Kwandu alilipanga jibu lake kwanza. "Mashine za unga zinahitaji mtu wa kupima unyevu wa nafaka kabla ya kusagwa. Viwanda vya mafuta vinahitaji mtu wa kukagua mbegu. Mtu huyo ndiye anayepima chakula kabla hakijafika mdomoni mwa mtoto."

"Kwani unga hupimwa?"

"Mara nyingi haupimwi."

Mwanamisi aliutazama mfuko wa unga wa nusu kilo chini ya kaunta, aliokuwa amemnunulia mjukuu wake, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na mzaha. "Lakini nesi naye anaokoa," akasema taratibu.

"Anaokoa, dada. Mdogo wangu alipokelewa na nesi mzuri sana. Alimpokea siku ya saba." Kwandu aliunyoosha ukingo wa karatasi iliyokuwa mbele yake hadi ukalingana na ukingo wa meza. "Ninataka kuwapo siku ya kwanza, pale penye gunia."

"Basi bonyeza."

"Bado. Kuna mtu sijamwambia."

"Mchumba?"

"Mama."

Mwanamisi aliielekeza tena kompyuta upande wake. "Jumamosi saa kumi na mbili, mdogo wangu. Mtandao hauna mama wala shangazi."

Ijumaa alasiri Kwandu aliporudi kutoka kisimani alimkuta mama yake kwenye kivuli cha ukuta, ungo mapajani, magunia mawili ya mahindi pembeni. Mwaka huu pia mvua ya mwisho ilikuwa imewahi mahindi uani, na pamba ilikuwa imelala ndani. Kulikuwa na marundo mawili juu ya mkeka. Moja jeupe. La pili lilikuwa na madoa.

"Mwadila, mayu," akamsalimu mama yake kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Njoo unisaidie, macho yangu yamechoka."

Kwandu aliketi. Alichukua punje moja kutoka rundo la pili, akaigeuza. "Hizi za nini?"

"Za uji. Mke wa Kija atajifungua mwezi ujao, atahitaji uji mwingi."

"Mayu, hizi tusile."

"Ni ukungu tu," Kabula akasema, vidole vyake havijasimama. "Wewe umewahi kuona ukungu uliobaki jua likitoka? Nitaziosha, nitazianika, utaondoka."

Kwandu alimsikia, na alielewa kosa lilipokuwa limekaa siku zote: katika neno lenyewe. Ukungu wa asubuhi juu ya mbuga na ukungu wa ghalani vilikuwa na jina moja, na mama yake alikuwa ameutendea wa pili kama watu wote wanavyoujua wa kwanza. Hakuwa mzembe. Alikuwa amefanya kazi ya siku mbili kwa mikono yake, akiamini jua.

"Huu si ule," akasema. "Ule ni maji, unaondoka. Huu unaota, mama, kama uyoga. Unakula ndani ya punje na unaacha sumu. Jua linaondoa rangi yake tu. Sumu inabaki, hata ukiosha, hata ukichemsha."

Vidole vya Kabula vilisimama.

Kuku mmoja alisogea kwenye mkeka, akadonoa, na Kwandu akamfukuza kwa haraka isiyokuwa ya kawaida yake. Mama yake aliiona haraka ile. Alimtazama kuku, akamtazama binti yake, kisha akautazama mwamba ulio nyuma ya nyumba.

"Umeyajua lini haya?"

"Kidato cha tano."

"Miaka miwili." Kabula aliuweka ungo chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba una maji. "Na ya mwaka ule? Yale niliyoyaanika pale?"

Kwandu angeweza kusema uongo, nao ungepokelewa. Angeweza pia kusema ukweli kupita kiasi. Alitafuta maneno yasiyozidi kile alichokijua.

"Hakuna aliyeyapima, mayu. Siwezi kuapa. Lakini dalili alizokuwa nazo Januarius ndizo zilizoandikwa. Michembe ya shangazi tuliila sisi sote, hata mimi, na hakuna mwingine aliyeugua. Uji alikunywa yeye peke yake." Kisha akaongeza, kwa sababu lilikuwa la kweli na kwa sababu hakutaka mama yake abaki mahali pale peke yake: "Na mimi ndiye niliyekuwa nikiukoroga."

Kabula hakulia. Viganja vyake vilikuwa vimefunguka juu ya mapaja, vumbi la mahindi likiwa bado kwenye mistari yake. Alipozungumza, sauti ilikuwa kavu.

"Ndiyo unayotaka kwenda kuyasomea?"

"Ndiyo."

"Na ulinyamaza mbele ya baba yako ili usinitaje."

Kabula akainuka, akachukua jembe lililoegemea ukutani, akaenda nyuma ya kibanda kitupu cha Elizabeth, akaanza kuchimba.

Mayige alirejea kutoka Dutwa akiisukuma baiskeli, akawakuta wote wawili kwenye shimo lililowafika magotini. Rundo la pili lilikuwa kwenye gunia kando ya shimo. Alidhani kuku amekufa kwa mdondo. Kisha akaona punje.

"Mnazika chakula?" Sauti ilimtoka kwa mshangao zaidi kuliko kwa hasira. "Kabula, una akili timamu? Nyumba hii imelala njaa lini mpaka mchezee mahindi hivi?"

"Nazika kilichomzika mwanangu," Kabula akasema, na hakuacha kuchimba.

Baiskeli ililala chini yenyewe. Kabula aliyasema yote, akiwa shimoni, bila kumtazama mumewe: ukungu, maji matatu, mwamba, uji. Hakujipunguzia kitu. Kwandu alisimama akiwa ameshika gunia, tayari kusahihisha neno ambalo lingezidi, na halikuzidi hata moja.

Mayige alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kutoa hukumu ya mambo ya nyumba yake kwa sentensi moja, na wote wawili waliingoja. Macho yake yalikwenda kwenye kibanda cha dada yake, kilichokwisha kupoteza mlango, yakatoka pale upesi, yakaishia kwenye chumba chenye bati zima.

"Aliyeilaza pamba ndani ni mimi," akasema.

Alishuka shimoni, akalichukua jembe kutoka mikononi mwa mkewe, akachimba mpaka shimo likamfika kiunoni, kina ambacho hata fisi hafukui. Mahindi yalipokwisha kufunikwa, alikwenda kunawa, na hakuonekana kwenye chakula.

Jumamosi, wakati Kwandu akivaa viatu, baba yake alimjia na bahasha ya vyeti iliyokuwa ikihifadhiwa ndani ya sanduku lake.

"Nenda kajaze," akasema.

"Kipi, baba?"

"Nilikwambia sababu ikinitosha nitaifuata." Akamkabidhi bahasha. "Watu wataniuliza uko wapi. Sijui nitawajibu nini. Nitajifunza." Kisha akaenda kwenye ng'ombe.

Kabula alikuwa amekwisha kujifunga kitenge chake cha safari. "Tunakwenda wote," akasema. Kwenye basi walikaa bega kwa bega. Walipokaribia Bariadi mama yake aliuliza kama ana namba ya simu ya mtu yeyote wa Nassa.

"Ninayo ya binti yake shangazi," Kwandu akasema, akaiingiza kwenye simu ya mama yake.

"Baba yako hawezi. Nimemwona tangu jana anaishika simu na kuiweka." Kabula alitazama nje. "Aliyeacha kwanza kula kwake ni mimi. Wengine walinifuata."

Duka la Mwanamisi lilikuwa limejaa vijana wenye bahasha. Alipomwona Kwandu alimpisha mbele, akamsalimu Kabula kwa heshima zote, kisha ulimi ukamponyoka. "Kumbe mama mwenyewe amekuja! Mama, umekubali binti yako asomee kupika?"

"Amechagua yeye," Kabula akajibu. "Na si kupika."

Mwanamisi aliusogeza mkono wake kwenye kitufe. "Morogoro, basi. Nibonyeze?"

"Nitabonyeza mwenyewe, dada."

Kwandu aliingiza namba ya siri, tarakimu baada ya tarakimu, akailinganisha na ile iliyo kwenye simu, akailinganisha tena. Jina la chuo lilikuwa sahihi. Jina la shahada lilikuwa sahihi. Jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri. Alibonyeza. Duara dogo lilizunguka kwa muda mrefu kwenye kioo, vijana nyuma yake wakanung'unika juu ya mtandao, kisha maandishi ya kijani yakatokea yakisema kwamba uthibitisho umepokelewa. Mwanamisi alipiga makofi mawili. Kwandu aliomba achapiwe nakala, akaikunja mara mbili kwa kuifuatisha kingo zake, akaiweka ndani ya bahasha pamoja na vyeti.

Alipogeuka, mama yake hakuwa nyuma yake. Alikuwa ametoka na simu yake hadi kwenye baraza, amesimama upande wa ukuta usio na watu, kidole kimoja kimeziba sikio la pili kwa sababu ya kelele za stendi.

"Ndiyo, mpe yeye mwenyewe," alikuwa akisema. "Wifi? Ni mimi, Kabula." Basi moja likapiga honi, likaondoka. "Usikate, wifi. Sikukupigia kwa ajili ya msiba. Nina neno la kukuambia kuhusu Januarius, na ni refu kidogo. Lilianza na mvua."

Kwandu alisimama mlangoni akiwa na bahasha yake, akingoja. Upande wa pili haukukatika.